Duara la Milimita Nane

Watu wakishajua kwamba nafanya kazi maabara, tena upande wa kuotesha vimelea, kuna sentensi moja hawaikosi: "Mimi amoksilini hainifanyi kitu tena, mwili umeshaizoea." Miaka mingi nilikuwa naitikia tu na kubadilisha mazungumzo. Kazini nilijua vizuri kwamba mwili hauzoei antibiotiki, anayezoea ni bakteria. Nyumbani nilikuwa na droo.

Kwenye droo ile kulikuwa na kapsuli sita za amoksilini zilizobaki nilipong'olewa jino, chupa ya dawa ya maji ya mtoto iliyobaki robo, na kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi hivi kwamba tarehe ya kuisha muda ilibaki upande uliotupwa. Nilijua kuwa ile ya maji ikishachanganywa haikai zaidi ya wiki moja au mbili. Nilijua mengi. Lakini binti yangu akikohoa usiku, nami nina zamu ya asubuhi, mkono ulikuwa unafika kwenye droo kabla akili haijafika. Kijiko leo, kijiko kesho, kikohozi kikitulia tunaacha. Mwaka ule nilifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu alipona, kama ambavyo angepona bila kijiko chochote, maana vikohozi vingi vya watoto ni vya virusi, na virusi havina habari na amoksilini.

Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilijiganga, na hapo ndipo ilipoanzia.

Baba yangu alikuja kukaa nasi akiwa na miaka 71. Alilala chumba kimoja na mjukuu wake wa miaka minne, na kila usiku walipiga soga mpaka mmoja wao, mara nyingi babu, apitiwe na usingizi. Wiki ya tatu akapata mafua, yakafuatiwa na kikohozi, kisha jioni moja akatetemeka kwa baridi hadi kitanda kikawa kinalia. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, nikivuta pumzi kuna kitu kinanichoma hapa," akaweka kiganja ubavuni, upande wa kulia. Makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Wazee huita hali hiyo kichomi, na neno hilo peke yake lingetosha kunipeleka hospitali. Nilifungua droo.

Nilimpa kapsuli mbili siku ya kwanza na mbili siku ya pili, asubuhi moja na jioni moja, miligramu 250 kila kapsuli. Mtu mzima mwenye nimonia hupewa mara kadhaa ya hapo. Siku ya tatu baba akaanza kuchanganya maneno. Aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamhesabia pumzi dakika nzima. Zilikuwa 32. Mtu mzima aliyetulia kitandani hupumua kati ya mara 12 na 20. Mume wangu akawasha gari.

Daktari wa mapokezi alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza baba kifuani, akaagiza picha, akachukua damu ya kuotesha, halafu akauliza huku anaandika: "Mzee ametumia dawa yoyote kabla ya kuja?"

Nilichelewa kujibu. "Amoksilini. Kapsuli nne."

"Aliandikiwa wapi?"

"Nilimpa mimi."

Hakuinua kichwa. Aliandika tu. Nadhani angenigombeza ningejisikia vizuri zaidi.

Ipo kanuni ambayo mimi mwenyewe huwafundisha wanafunzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo: damu au makohozi ya kuotesha yachukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dawa ikishaingia, hata kidogo, chupa inaweza kukaa siku tano kwenye mashine bila kuota chochote, na si kwa sababu mgonjwa hana bakteria. Wamelewalewa tu, hawawezi kukua kwenye chupa, na daktari anabaki akitibu kwa kubahatisha. Nimeandika majibu ya "hakuna kilichoota" mara nyingi sana huku nikijua kuna mtu mahali fulani alitangulia kumeza kitu. Safari hii nilijua ni nani.

Kwa hiyo mwenzangu wa zamu ya usiku aliponipigia simu, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha ya kijinga.

"Dada, chupa ya mzee imeota. Saa kumi na nne tu."

"Imeota? Na ile dawa aliyokunywa?"

"Imeota nayo ndani."

Tukanyamaza wote wawili. Bakteria anayekua kwa kasi hiyo katika damu ya mtu aliyemeza amoksilini siku mbili anakuwa ameshaanza kujibu swali kabla hujamuuliza.

Kwa utaratibu sikutakiwa kugusa sampuli ya ndugu yangu, na sikuigusa. Mwenzangu ndiye aliyepaka, akasoma na kusaini. Ila aliniachia kiti cha hadubini kwa dakika mbili. Kwenye rangi ya Gram, bakteria huyu hutokea zambarau iliyokolea, wawili wawili, kila mmoja amechongoka upande wa nje kama punje ya ngano, na kuwazunguka kuna weupe mwembamba, ambao ni koti lao la sukari. Streptococcus pneumoniae, sisi twamwita nimokokasi. Rangi yenyewe ina historia na ugonjwa huu: daktari Hans Christian Gram, raia wa Denmark, aliitangaza mwaka 1884 akiwa Berlin, akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Kila siku tunapaka rangi yake kwenye mikojo, usaha na majimaji ya mgongo, tukasahau kwamba ilitoka kifuani.

Asubuhi yake sahani ya damu ilikuwa na madoa madogo yaliyozungukwa na ukijani. Ukiyainamisha kwenye mwanga unaona kila doa limebonyea katikati, kama kete ya bao la dama. Kubonyea huko ni kujila: nimokokasi akizeeka, kimeng'enya chake mwenyewe humvunja ukuta akapasuka. Ukichelewa kumhamishia kwenye sahani mpya unamkuta amekufa. Nimewahi kupoteza wa namna hiyo kwa kulala mno siku ya mapumziko. Ni kiumbe dhaifu sana nje ya mtu, na ndani ya mtu ni balaa.

Sasa duara.

Kipimo cha usugu kwa wengi wetu bado ni kile cha visahani vya karatasi. Unatandaza bakteria juu ya sahani kama rangi ukutani, unaweka juu yake vijiduara vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, unaacha usiku kucha kwenye joto na hewa yenye kabonidioksidi kidogo. Dawa inasambaa kutoka kwenye karatasi. Ikimshinda bakteria, unapata duara safi pembeni ya karatasi pasipoota kitu. Unapima kwa rula. Kwa nimokokasi, penisilini hatuiweki yenyewe, tunaweka oksasilini, ndugu yake wa jamii ileile, ya mikrogramu moja iwe kama bawabu. Duara likifika milimita 20 au zaidi, penisilini inafanya kazi, umemaliza. Likiwa chini ya 20 hujui bado; bawabu amekataa kufungua, inabidi uende ukapime kwa undani.

La baba lilikuwa milimita 8. Ukitoa 6 za karatasi, ni milimita moja kila upande. Nilimwomba mwenzangu apime tena. Alipima tena, kwa heshima tu.

Pembeni yake kulikuwa na karatasi ya eritromisini, ambayo hutuambia pia habari za azithromisini. Hapo hapakuwa na duara kabisa. Bakteria walikuwa wameota hadi wakaugusa ukingo wa karatasi, kana kwamba mtu alisahau kuweka dawa. Na baba wakati huo wodini alikuwa anapewa ampisilini na azithromisini, mpango wa kawaida kabisa kwa nimonia iliyompata mtu nyumbani. Homa yake ilikuwa 39.2.

Kupima kwa undani maana yake ni kutafuta kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachomzuia bakteria kukua. Tunatumia utepe wa plastiki wenye dawa nyingi upande mmoja na inayopungua polepole hadi upande mwingine; bakteria wanapokutana na utepe ndipo unaposoma namba. Inachukua usiku mwingine mzima. Usiku ule ulikuwa mrefu kuliko yote niliyowahi kukesha, na nimezaa. Asubuhi: penisilini 4, na seftriaksoni, antibiotiki nyingine ya sindano, 1. Mikrogramu kwa mililita. Kwa viwango tunavyotumia, nimonia ya mapafu penisilini ya sindano ikiwa 2 kushuka chini inatibika bila wasiwasi, 4 iko katikati, 8 kwenda juu ni sugu. Seftriaksoni kwenye 1 bado iko salama, lakini imesimama mlangoni. Bakteria huyohuyo, kwa namba hizohizo, angekuwa kwenye utando wa ubongo, majibu yangesomeka sugu kwa penisilini, kwa sababu dawa hufika kule kwa kiasi kidogo. Watu hawajui kwamba neno "sugu" halina maana bila kutaja kiungo na dozi. Mimi mwenyewe nililielewa kwa namba kwanza, kwa moyo baadaye.

Kaka yangu alifika siku hiyo hiyo na boksi mkononi. Alikuwa amenunua amoksilini yenye klavulanati. "Wampe hii," akasema, "hii ndiyo kali."

Hilo neno "kali" linanikera kuliko hata "mwili umezoea." Lakini kaka hakuwa na kosa, alikuwa anataka baba apone. Nikamkalisha kwenye benchi la nje nikamweleza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kueleza kazi yangu kwa mtu wa nyumbani bila kukata njia.

Dawa za jamii ya penisilini huua bakteria kwa kuwakamata mafundi wao. Bakteria anajengwa ukuta kila anapogawanyika, na mafundi wa ukuta huo ni protini. Penisilini inamng'ang'ania fundi mkononi, ukuta haujengwi, bakteria anapasuka. Sasa wapo bakteria, kwa mfano Haemophilus influenzae, ambaye naye huleta nimonia, wanaojikinga kwa kutoa kimeng'enya kinachokata penisilini kabla haijafika kwa fundi. Huyo ndiye aliyetengenezewa klavulanati: inakiziba kile kimeng'enya, amoksilini ipite. Lakini nimokokasi hana kimeng'enya hicho. Yeye amewabadilisha mafundi wenyewe. Mikono yao imekuwa na umbo jingine, penisilini haishiki vizuri. Ukimwekea klavulanati unaziba mlango ambao yeye hapiti. Kinachoweza kusaidia ni kuongeza kiasi cha penisilini mpaka ishike kwa nguvu ya wingi, au kutumia dawa inayomshika bado, kama ilivyokuwa seftriaksoni kwa baba.

"Na hao mafundi wapya kawapata wapi?" kaka akauliza.

Swali zuri, tena ndiyo sehemu ninayoipenda, nisamehewe kwa kufurahia jambo hili katika mazingira yale. Kawaokota. Nimokokasi ana tabia ya kuvuta ndani yake vipande vya DNA vya bakteria waliokufa karibu naye na kuvishona kwenye vinasaba vyake. Puani na kooni anaishi na binamu zake, streptokokasi wapole ambao hawamdhuru mtu. Kila unapomeza antibiotiki, kwa sababu nzuri au mbaya, wale binamu nao wanaipata. Wanaosalia ni wale wenye mafundi walioanza kubadilika. Nimokokasi anawaibia viraka. Ukisoma kinasaba cha fundi wa nimokokasi sugu unakuta ni shuka la viraka kweli, kipande chake, kipande cha binamu, kipande chake tena.

Tabia hiyo ya kuokota vinasaba iligunduliwa kwa bakteria huyuhuyu. Frederick Griffith, akiwa London, aliripoti mwaka 1928 kwamba nimokokasi mpole akichanganywa na nimokokasi mkali aliyekwisha kuuawa kwa joto, kisha panya akadungwa mchanganyiko huo, panya anakufa. Mpole amejifunza ukali kutoka kwa maiti. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake huko New York walionyesha kwamba kilichohamishwa kilikuwa DNA. Na mwaka huohuo wa 1928, London hiyohiyo, Alexander Fleming aliona ukungu ukiua bakteria kwenye sahani yake. Mmoja akaokota dawa, mwingine akaokota ujanja ambao bakteria angeutumia kuikwepa. Ilichukua muda: nimokokasi wa kwanza waliopunguza utii kwa penisilini walioshtua watu waliripotiwa Australia mwaka 1967, na miaka kumi baadaye, Afrika Kusini, Durban kisha Johannesburg, wakaonekana walioshindikana kwa penisilini na dawa nyingine kadhaa kwa pamoja.

Kaka alilitazama boksi lake. "Kwa hiyo nirudishe?"

"Ukikubaliwa, rudisha. Usiniletee nyumbani."

Daktari alibadilisha dawa mchana ule. Usiku wa pili homa ikashuka chini ya 38. Siku ya nne baba akauliza nani amechukua redio yake. Hakutoka mzima kama alivyoingia. Miezi miwili alikuwa akipanda ngazi anasimama katikati na kujifanya anatazama mandhari. Lakini alitoka.

Mgonjwa wa kitanda cha pili yake hakutoka. Sitasema mengi kwa sababu si mgonjwa wangu kumsimulia. Alikuwa ametoka chumba cha uangalizi maalumu akiwa na nimonia aliyoipatia hospitalini, na sahani yake niliiona kwa sababu ilikuwa zamu yangu: Klebsiella pneumoniae, bakteria mwingine wa nimonia, utelezi mtupu, unavutika ukinyanyua kitanzi cha kuchotea. Niliweka karatasi kumi na mbili. Asubuhi sahani ilikuwa imejaa kama zulia, karatasi zote kumi na mbili zimekaa juu yake bila duara hata moja. Ukilinganisha na huyo, nimokokasi wa baba alikuwa muungwana. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2019 yalisema vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na maambukizi ya mfumo wa upumuaji ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa kuliko mengine. Nilikuwa nimelisoma hilo wakati linatoka, nikaliweka kwenye wasilisho la kazini, kwa rangi nzuri. Hao wadudu wawili wote wamo katika orodha ya sita walioongoza kwa vifo hivyo.

Baada ya baba kurudi nilikaa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu kwa muda. Nimokokasi haruki kutoka hewani akaingia mapafuni mwa mzee. Makao yake ni nyuma ya pua, na wenyeji wake wakuu ni watoto wadogo. Mtoto anaweza kumbeba wiki nyingi bila kuumwa chochote. Na mtoto aliyepewa antibiotiki karibuni ana uwezekano zaidi wa kubeba aliye sugu, hasa ikiwa dozi zilikuwa ndogo na za kuvutavuta, kwa kuwa wanyonge wamefagiliwa na sugu wameachiwa nyumba. Kijiko leo, kijiko kesho. Mara tatu mwaka mmoja. Chumba kimoja na babu.

Hakuna aliyempima binti yangu pua. Siwezi kuthibitisha, na mtu wa maabara asiye na sampuli hana kesi. Lakini Fleming alishaisimulia kesi hii kabla sijazaliwa. Desemba 1945, akitoa mhadhara wake wa Nobel, alimtunga mtu akamwita Bwana X, anayeumwa koo. Bwana X ananunua penisilini, anajipa kiasi kisichotosha kuwaua streptokokasi ila kinachotosha kuwafundisha kuishinda. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haifanyi kazi, anafariki. Fleming akauliza nani aliyemuua. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo chuoni nikaiona ya kizamani, na huyo Bwana X nikamwona mjinga. Sikujua kwamba ana droo.

Mume wangu nilipomwambia alisema, "Sasa umejihukumu bila ushahidi." Ni kweli. Ila nimegundua ushahidi wa jumla upo, na umetoka upande ambao sikuutarajia: chanjo. Marekani ilipoanza kuwachanja watoto dhidi ya aina saba za nimokokasi mwaka 2000, maambukizi makali ya nimokokasi sugu yalipungua kwa watoto, na yakapungua pia kwa wazee ambao hawakuchanjwa. Bibi na babu walipona ugonjwa ambao hawakuwahi kuupata, kwa sababu pua ya mjukuu haikuwa na wa kuwapa. (Bakteria naye hakulala; aina iitwayo 19A, ambayo haikuwemo kwenye chanjo ile na mara nyingi ni sugu, ikajaza nafasi, hadi chanjo ya aina 13 ilipokuja mwaka 2010 ikiwa nayo ndani.) Kwa hiyo usugu haumilikiwi na mwili wa mtu. Unakaa kwenye pua za nyumba nzima, na husafiri kwa soga za usiku.

Lipo na jambo nililokuwa nikilihubiri ambalo imenibidi nilirekebishe. Nilizoea kuwaambia watu, "Maliza dozi hata ukipona," kama vile urefu wa siku ndio unaozuia usugu. Mambo si mepesi hivyo. Nimonia ya kawaida ya mtu mzima aliyepata nafuu vizuri sasa mara nyingi hutibiwa siku tano, si kumi wala kumi na nne kama zamani, kwa sababu kila siku ya ziada ni siku nyingine ya kuwachuja wale binamu wa kooni bila faida. Kinachonitisha mimi zaidi ni dozi nyembamba, na dozi isiyo na sababu. Siku hizi nasema, "Kunywa kama ulivyoandikiwa, na ikibaki usiihifadhi." Haina mdundo mzuri kama ya kwanza. Watu hawaikumbuki.

Droo niliimwaga kwenye mfuko nikaupeleka kwenye famasia ya hospitali waiteketeze. Yule mfamasia alihesabu vilivyokuwemo, akanitazama kitambulisho changu cha maabara kifuani, akatabasamu kidogo tu. Nilistahili.

Baba hakuridhika. Majuzi binti yangu alianza kukohoa tena, kile kikohozi kikavu kinachoanza mtu akishalala. Baba alinijia jikoni.

"Mwanangu, mtoto anakohoa. Mpe zile kapsuli zako, umfungulie unga wake kwenye maji."

"Hazipo, baba. Nilizitupa."

"Umezitupa zote?"

"Zote."

Akaguna, mguno wa mtu aliyelea watoto sita bila maabara. Nikamshika mkono tukaenda chumbani. Nilimpandisha mtoto fulana taratibu asiamke, nikamwonyesha baba pale chini ya mbavu, ngozi haibonyei ndani akivuta hewa. Nikampa saa yangu. Nikamwambia mtoto wa umri huu akifikisha pumzi 40 kwa dakika tunaondoka sasa hivi kwenda hospitali, nguo za kulalia hizohizo. Yeye aangalie mshale, mimi nihesabu tumbo.

Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, miwani puani, saa ameiinua karibu na taa. Mtoto alikohoa mara mbili akajigeuza, ikabidi tuanze upya.

"Haya, imefika," akanong'ona. "Ngapi?"

"Ishirini na nane."

Alifikiri kidogo. "Rudia," akasema, na safari hii akataka kuhesabu yeye.